Foto ya msikiti wa ziwani: mpiga picha alipe jua mgongo

KAMPENE, wilaya ya Pangi, jimbo la Maniema. Iko aina moja ya foto inayopendwa sana katika simu za watu siku hizi. Msikiti kando ya ziwa, asubuhi. Mnara mweusi, paa jeusi, nyuma yake jua jekundu linatoka majini, na maji yenyewe yamekuwa kama shaba iliyosuguliwa. Chini yake maneno machache tu: "Asubuhi njema kutoka Tanganyika". Foto inapita kutoka kikundi hadi kikundi, na mwisho inafika hata huku Kampene, ambako hakuna ziwa, kuna msitu, ukungu na njia ya matope.

Ikifika mikononi mwa jamaa zilizokimbia vita upande wa Kivu, kimya kinaingia kwanza. Kisha yanaanza maulizo. Huu ni msikiti gani? Ukuta wa upande wa maji bado umesimama? Bati halikung'olewa? Ile nyumba iliyokuwa nyuma yake, penye mwembe, inaonekana? Maji yamerudi nyuma au bado yako mlangoni? Na foto ile, pamoja na uzuri wake wote, haijibu hata ulizo moja. Inaonyesha umbo la msikiti jeusi, na giza halina ukuta wala bati.

Kosa si la simu. Ni la pale alipo mpiga picha. Anayesimama barabarani, msikiti mbele yake na ziwa nyuma ya msikiti, anapiga akitazama jua. Kamera ikilitazama jua inafanya kama jicho la mtu: inajifinya, na kila kitu kilicho mbele ya mwanga kinakuwa kivuli. Angeshuka tu mpaka kwenye mchanga, au angemwomba mvuvi ampakie kidogo kwenye mtumbwi, kisha ageuke, alipe jua mgongo. Mwanga uleule wa kwanza, laini na wa manjano, ungeanguka sawasawa juu ya ukuta unaotazama ziwa. Ingeonekana rangi, ingeonekana ufa, ingeonekana alama ya maji pale ilipofika, ingeonekana mlango kama umefungwa kwa kufuli au kwa ubao. Foto hiyo haina jua jekundu. Watu wengi mitandaoni wataipita bila kuigusa. Lakini mama aliyeko Kampene, mwenye funguo ya nyumba iliyo mtaa uleule amefunga kwenye pindo la kitenge, ataikaza macho kwa nusu saa.

Hoja inayoletwa hapa ni hiyo: foto ya msikiti wa ziwani wakati jua linatoka ipigwe kwa ajili ya mwenye kuutafuta msikiti wake. Mwenye kutafuta uzuri tu atapata chake mahali pengine.

Kwa nini jambo la foto liwe zito namna hii? Kwa sababu ya mwaka 2025 na yaliyoutangulia. Goma ilitekwa Januari 2025, Bukavu Februari 2025, na Desemba ya mwaka huohuo wapiganaji wa M23 wakaingia Uvira. Watu walitoka wakielekea kila upande palipo na njia: Burundi, Tanzania, Fizi, Kalemie, na wengine wakakata msitu kuja Maniema. Wengi walitoka na kile kilichoingia ndani ya gunia. Hati za parseli zilibaki, au zilichomeka, au hazijapata kuwako. Katika mitaa mingi ya kando ya ziwa nyumba haina namba inayojulikana na mtu. Ukiuliza fulani anakaa wapi, unajibiwa: pita msikiti, nyumba ya tatu upande wa maji. Au: pale nyuma ya msikiti, karibu na wauza ndagala. Msikiti ndio anwani. Ukionekana vizuri kwenye foto, na pembeni yake mita ishirini au thelathini kila upande, basi jamaa tano au sita zimeona kama nyumba zao zimesimama. Ukionekana kama kivuli, anwani imefutika.

Na juu ya foto kama hizo watu wanakata mashauri. Baba wa jamaa anasema: "Nimeona mtaa wetu kwenye simu, kumetulia, tunarudi." Anauza sufuria ya mwisho apate nauli ya pikipiki. Foto aliyoiona haina tarehe. Pengine ilipigwa mwaka 2018. Pengine si Uvira kabisa.

Hapa kuna elimu ndogo ambayo inafaa kila mtu wa Kampene aijue, kwa sababu haihitaji intaneti wala pesa. Ziwa Tanganyika limelala kutoka kaskazini hadi kusini kama ndizi ndefu. Uvira, Baraka na Kalemie ziko ukingo wa magharibi. Kwa hiyo mtu wa Uvira analiona jua likitoka upande wa maji, juu ya milima ya Burundi, na jioni linazama nyuma ya milima yake mwenyewe. Baraka ni hivyohivyo, ila jua linapanda kwanza juu ya rasi ya Ubwari iliyoko mbele ya ghuba. Kalemie linatoka katika maji matupu, maana Tanzania iko mbali haionekani kwa urahisi. Lakini Ujiji na Kigoma, pamoja na Rumonge ya Burundi, ziko ukingo wa mashariki. Huko jua linatokea nchi kavu, mgongoni mwa mji, na jioni ndipo linaingia ziwani. Akija mtu na foto ya jua juu ya maji akisema ni Ujiji asubuhi, amedanganya au amedanganywa: ile ni jioni, ama si Ujiji.

Watu wa Kindu wanaijua kanuni hii kwa mto wao. Anayesimama kwenye ukingo wa Kasuku anaona jua likitoka ng'ambo, upande wa Alunguli. Nyangwe ya zamani, ambayo iko ukingo wa mashariki wa Lualaba, inafanana na Ujiji: asubuhi jua linatoka porini na mto unabaki na giza kidogo.

Kibla nacho kinasaidia. Kutoka Uvira au Kalemie, Makka iko kaskazini, ikielemea mashariki kidogo tu. Wageni wengi wanadhani Mwislamu wa Kongo anaelekea jua linapotoka, sivyo. Aliyesimama kwenye safu Uvira anaelekea karibu kaskazini, ziwa liko mkono wake wa kuume na milima mkono wa kushoto, na akichelewa kutoka msikitini jua linampiga bega la kulia. Kwa hiyo msikiti ulioko kweli kwenye ukingo huo, kile kibanda kidogo cha mihirabu kinachotokeza nje ya ukuta hakitazami maji moja kwa moja. Kiko upande wa kaskazini wa jengo. Foto ikionyesha mihirabu imetumbukia ziwani kuelekea jua, na maelezo yakasema Uvira, mtu aulize mara mbili.

Siku hizi maulizo hayo yamekuwa ya lazima, kwa sababu ziko picha zinazotengenezwa na kompyuta bila mtu yeyote kushika kamera. Misikiti ya vioo, minara minne, makuba ya dhahabu yanaelea juu ya maji. Misikiti mingi ya kando ya Tanganyika ni ya matofali na bati, mnara mmoja mfupi, vipaza sauti viwili, rangi nyeupe na kijani iliyopakwa kwa michango ya waumini wakati wa Ramadhani. Anayeweka kuba la dhahabu pale anawaibia watu mji wao mara ya pili. Hata maandishi ya Kiarabu kwenye ukuta wa picha hizo mara nyingi hayasomeki; mtoto wa chuo, aliyefika juzuu ya kwanza, anaweza kuyakataa.

Maji nayo yana habari yake, na wanaolilia ziwa wanaijua kuliko wapiga picha wanaotoka mbali. Kati ya mwaka 2020 na 2024 Tanganyika ilipanda, ikaingia katika mitaa ya Uvira, Kalemie na Bujumbura. Nyumba zilikaa majini miezi. Aprili 2020, kabla ziwa halijafika mwisho wa kupanda, mto Mulongwe ulishuka kutoka milimani na kuvunja nyumba nyingi Uvira. Kwa hiyo wako watu walioko leo Maniema waliokimbia mara mbili: kwanza maji, kisha bunduki. Foto ya msikiti bila mstari wa maji haiwaambii kitu juu ya mkimbio wa kwanza. Mstari huo unaonekana vizuri mno saa ya jua kutoka, kwa sababu mwanga wa chini unaanguka moja kwa moja juu ya ukuta. Saa sita mchana jua likiwa utosini mwanga hauangukii tena ukuta sawasawa. Hiyo ndiyo sababu ya maana ya kuamka mapema. Uzuri ni nyongeza.

Ziwa lile halijawahi kukaa kiwango kimoja. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alikuta Lukuga, mto wa pekee unaotoka Tanganyika, umezibwa na mimea pale inapoanzia, karibu na Kalemie ya leo. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi, Lukuga ikaanza kukimbia, ziwa likashuka mita kadhaa. Ndiyo maana pale Ujiji ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, karibu na ufuko wa wakati ule, leo mtu anatembea kitambo mpaka kufika majini. Na maji ya Lukuga yanakwenda wapi? Yanaingia Lualaba, yanapita Kongolo, yanapita upande wa Kasongo na Nyangwe, yanafika Kindu. Mtu wa Maniema anayesema mambo ya Tanganyika hayamhusu, anakoga katika maji yake.

Na si maji tu. Njia ya misafara kutoka Ujiji, kuvuka ziwa, kupanda mpaka Kasongo na Nyangwe, ndiyo iliyoleta Kiswahili na Uislamu huku. Njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Soko la Nyangwe lilimwaga damu ya mamia tarehe 15 Julai 1871, na Livingstone alikuwapo akaona. Haifai kuipaka njia ile rangi ya jua jekundu. Lakini ilipelekea pia watu wa huku kule: Wamanyema wako Ujiji, wako Rumonge, wako Buyenzi ya Bujumbura, vizazi hata vizazi, na katika misikiti ya ukingo wote wa ziwa majina ya Maniema si mageni. Kwa hiyo jamaa ya Uvira inapolala Kampene haijaja kwa watu baki. Foto ya msikiti wa ziwani ikipita kwenye simu za wenyeji, kwa wengi ni foto ya msikiti wa babu.

Sasa, namna ya kuipiga.

Sala ya alfajiri inakwisha kabla jua halijatoka. Jambo hili linasahauliwa na wengi wasiosali. Huko ziwani jua linatoka karibu na saa kumi na mbili asubuhi, dakika kama kumi kabla ya Kampene, na wakati huo hasa, jua likiwa linajitokeza, Waislamu hawasali sala za sunna. Wanangoja lipande kidogo. Kwa hiyo mpiga picha mwenye adabu hana haja ya kuingia kati ya safu au kusumbua mtu yeyote aliyesujudu. Saa ya mwanga mzuri ndiyo saa ambayo msikiti umetulia: wazee wawili watatu wamebaki na tasbihi, watoto wa chuo wanakuja na mbao zao, anayefagia anafagia. Ni nafasi ya kupiga hodi, kumwamkia shehe au imamu, kueleza foto ni ya nini na itakwenda wapi, na kungoja jibu. Dakika tano. Anayesema hakuna wakati wa kuomba ruhusa kwa sababu jua linakimbia, aje jana yake. Ni kweli jua la huku linapanda wima na haraka; muda mfupi baada ya kutoka, ule mwanga laini umeondoka. Ndiyo maana ruhusa inaombwa baada ya isha, na foto inapigwa kesho.

Wako walimu wasiotaka picha ya kiumbe hai ndani ya msikiti, au wasiotaka picha kabisa. Waheshimiwe. Jengo, maji na mlima havina ubishi mkubwa kati yao, na kwa kazi inayozungumzwa hapa jengo linatosha.

Ufuko wa asubuhi una watu wake. Ndiyo saa wavuvi wanarudi na taa zao, ndagala wamejaa kwenye mtumbwi, wanawake wanangoja na mabeseni. Ndiyo saa wengine wanateka maji, wanafua, na wengi wanakoga. Aliyeambiwa hapa alipe jua mgongo na apige kutoka majini, asiseme ameruhusiwa kuelekeza kamera popote. Mama anayekoga nyuma ya jiwe hakuomba kuwa pambo la foto ya msikiti. Ikibidi kungoja amalize na atoke, itangojwa, hata jua likipanda. Foto iliyokosa mwanga inaweza kupigwa tena kesho, lakini aibu ya mtu ikishaingia kwenye vikundi vya simu haitoki tena.

Kuna jambo gumu zaidi. Wakati wa vita misikiti, makanisa na madarasa yanajaa watu wanaolala chini. Mpiga picha akifika asubuhi, sura ya kwanza anayokutana nayo kibarazani ni ya mtoto aliyejifunika gunia. Inavutia, hakuna atakayekataa. Mashirika yanaitaka, mitandao inaitaka. Lakini huyo mtoto ana watu wanaomtafuta kwa mema na pengine kwa mabaya, na mama yake, aliyelala kwenye sakafu ya wengine, atakubali lolote atakaloombwa na mtu aliyevaa fulana ya shirika, kwa kuogopa kukosa unga. Kukubali kwa namna hiyo hakuhesabiwi. Uso wa mtu aliyekimbia usipigwe pale alipolala, basi. Wakitaka wenyewe, wakiwa wamenawa na wamevaa, siku nyingine, ni shauri lao.

Wako watakaouliza: watu wana njaa, kilo ya mchele imepanda, watoto hawasomi, nanyi mnajadili foto? Ulizo ni la haki. Jibu lake ni kwamba jamaa iliyokaa ugenini mwaka mzima haikosi chakula peke yake. Inakosa pia habari ya kweli ya kule ilikotoka, na kwa kukosa habari hiyo inakula vibaya hata kile kidogo ilichonacho: inauza, inafunga safari, inarudi njiani, inaanza upya. Foto moja ya kweli inaweza kuokoa nauli ya watu saba. Na siku mambo yakitengenea, wakija watu wa ardhi kuuliza parseli hii ya nani, foto yenye tarehe, inayoonyesha msikiti na nyumba iliyo ubavuni mwake, itakuwa shahidi mdogo. Si hati. Ila ni bora kuliko maneno matupu mbele ya jirani aliyehamia ndani ya nyumba.

Wengine watasema: waacheni watu wafurahie jua. Nao wasikilizwe. Foto ya kivuli na jua jekundu ina kazi yake. Mtu aliyelia wiki nzima anaweza kuitazama na moyo ukalainika. Haikatazwi. Ipigwe hata hiyo, kwanza hiyo, kwa sababu inachukua sekunde mbili. Kisha mpiga picha ashuke mchangani na apige ya pili. Kinachokataliwa ni kuituma ya kwanza kana kwamba ni habari.

Hatari ya kupiga foto kando ya ziwa inajulikana. Mwenye silaha, wa upande wowote, akiona simu imeinuliwa asubuhi na mapema kuelekea ufuko, anaona mpelelezi. Bandari, madaraja, vizuizi, kambi na mitumbwi ya askari havipigwi, hata kwa bahati mbaya pembeni ya msikiti. Pahali ambapo msikiti unapakana na bandari, pengine foto haipigwi kabisa kwa sasa. Hakuna ukuta wenye thamani ya kijana kufungwa. Wanaotuma maombi kutoka Kampene kwa ndugu waliobaki, "tupigie foto, tupigie tuone", wakumbuke wanamwomba mtu atoke nje na simu katika mji wenye bunduki. Aulizwe kama anaweza. Asilazimishwe kwa machozi.

Simu nyingi zinaandika ndani ya foto saa na mahali ilipopigwa, kama sehemu hiyo imewashwa. Ni msaada na ni mtego. Ikitumwa kwa WhatsApp kama foto ya kawaida, maelezo hayo ya ndani yanafutwa. Ikitumwa kama dokima, yanabaki. Foto ya msikiti wenyewe inaweza kutumwa na maelezo yake kwa mtu mmoja anayeaminika. Foto iliyopigwa nyumbani mwa mtu aliyejificha, hapana, isitumwe hivyo kamwe.

Kwa sababu watu wengi wa Kampene wanapata habari kwa redio, lipo jambo la mwisho ambalo wapiga picha wa ziwani hawalifikirii: foto itasomwa kwa sauti. Msikilizaji aliye machimboni, au mama anayepalilia na redio ndogo shingoni, haoni jua jekundu. Anasikia maneno tu. Foto isiyokuwa na maneno haiingii redioni. Foto iliyoandikwa vizuri inaingia: mtaa gani, siku gani, saa ngapi, imepigwa kutoka upande gani, ukuta wa ziwani umesimama, bati la upande wa milima limeondoka karatasi nne, maji yako hatua thelathini kutoka mlangoni, nyumba tatu za kusini zina paa, ya nne haina, imamu ameruhusu. Maelezo kama hayo yakisomwa jioni, watu wa mtaa ule watajuana kutoka kona zote za Kampene, hata asiyekuwa na simu.

Na kabla hayajasomwa, yapitie kwa watu wawili waliosali katika msikiti huo, Mwislamu au jirani yake Mkristo aliyeishi hapohapo, maana anwani ni ya wote. Waulizwe mmoja mmoja, si pamoja: mlango uko upande gani? Mti ulikuwa wapi? Vipaza sauti vingapi? Wakikubaliana na foto, isomwe. Wasipokubaliana, ikae. Kazi hii haihitaji mradi wala semina Kindu. Inahitaji daftari, kalamu, na mtu mmoja mwenye subira kwenye kila kikundi cha jamaa zilizokimbia.

Mega ni ghali na mtandao wa Kampene unajulikana. Foto nzito inaweza kukwama siku tatu ikizunguka kialama cha kungoja. Madereva wa pikipiki wa Kindu wanabeba kadi za memori pamoja na chumvi na sabuni, na mara nyingi zinafika kabla ya mtandao. Anayetuma kwa njia hiyo aandike maelezo kwenye karatasi, ayafunge pamoja na kadi ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu mvua ya njia ya Pangi haichagui mzigo.